Kabla hujanunua friza, jua mgonjwa utampeleka wapi

Vijana wanaomaliza digrii za baiolojia huniandikia sana wakitaka kujua wataingiaje kwenye utafiti wa saratani, na ukisoma tu unajua wanachowaza ni koti jeupe na hadubini na labda picha moja safi ya kuweka mtandaoni. Sina ugomvi na koti. Lakini miaka yote niliyofanya hii kazi hapa Nairobi, mwanzo kwa TB halafu kwa virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kilichonitoa jasho zaidi si labu. Ni safari ya jibu, kutoka kwa mashine mpaka limfikie mama aliyetoa sampuli, mama ambaye saa hii pengine ameshahama Kayole ameenda Ruai na laini ya simu amebadilisha. Hilo sikufundishwa darasa lolote. Nimeandika vile mambo yalivyokuja, msinihukumu kwa mpangilio.

Hata nyumbani huwa naulizwa, wewe kwani ni wa magonjwa ya kuambukiza ama ni wa saratani? Ni vyote. Saratani yenyewe huambukizwi kwa kukaa karibu na mgonjwa, kwa hivyo tafadhali usimtengee shangazi yako sahani yake peke yake, lakini kuna viini vinavyoingia mwilini na vikikaa sana vinaandaa njia. HPV, ndivyo vile virusi vyangu vya mlango wa kizazi, hepataitisi B na C kwa ini, ile bakteria ya Helicobacter pylori kwa tumbo, na kuna kirusi cha jamii ya herpes kinacholeta saratani ya Kaposi, yale madoa na vivimbe tulivyoviona sana kwa wagonjwa wa ukimwi kabla dawa za ARV hazijaenea. Kuna hesabu ilipigwa ya mwaka 2018 ikaonyesha saratani mpya kama milioni 2.2 duniani, yaani karibu 13 kwa kila 100, zilitokana na maambukizi, na huku kwetu kusini mwa Sahara sehemu yake ni kubwa kuliko hapo.

Na usidhani hii elimu yote ilitoka huko ng'ambo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na baadaye akaonyesha unafuata sehemu za joto na mvua, zile zile za malaria kali. Sampuli zikawa zinapelekwa London kwa ndege kwa mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Desemba 1963 kulikuwa na ukungu London, ndege ikageuzwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka hivi kwamba mtu mwingine angeitupa. Wakaiangalia kwa hadubini wakakuta ni seli hai zinaelea, wakazikuza, na 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya ndani yake. Huo mkasa naupenda sana ila usiutegemee, sampuli zetu zikikwama uwanja wa ndege huwa zinaharibika na hakuna kirusi kipya tunachopata.

Mimi nilianzia TB. Kazi yangu ilikuwa makohozi, GeneXpert, ile mashine inayotafuta DNA ya kiini cha ugonjwa, makaratasi, basi. Kilichonihamisha ni mkutano mmoja wa kujadili wagonjwa ambapo mtaalamu wa patholojia alileta kipande cha tezi ya kijana aliyekuwa na vivimbe shingoni, homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, amekonda. Makohozi yalikuwa hayaonyeshi kitu lakini akaanzishiwa dawa za TB kwa sababu dalili zinafanana, na kusema ukweli hapa kwetu mara nyingi huwa ni TB kweli. Akameza dawa miezi, vivimbe vinazidi. Walipokuja kukata tezi wakaipima, limfoma, yaani saratani ya tezi. Chumba kizima kilinyamaza, halafu mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema "huyu si wa kwanza" na mkutano ukaendelea na mgonjwa mwingine. Nilirudi labu nikawa nafungua rejista za zamani naangalia wale walioandikwa TB bila ushahidi wa mashine, na nikaanza kujiuliza ni wangapi hawakuwa TB. Kama uko kliniki unasoma hii, mgonjwa akianzishiwa dawa za TB kwa kukisia tu, andikeni pale pale kwa faili tarehe ya kumwangalia upya, na kama tezi haijapungua tarehe hiyo ikifika, ikatwe ipimwe. Usingoje miezi sita iishe.

Basi nikaingia kwa HPV, utafiti juu ya kina mama wanaoishi na virusi vya ukimwi, katika kliniki moja ya Eastlands. Sababu ni rahisi, hawa wako kwenye hatari kama mara sita zaidi ya wanawake wengine kupata saratani ya mlango wa kizazi. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, HPV inachukua miaka 15 hadi 20 kufika saratani. Kinga ikiwa imeshuka na hajatibiwa inaweza kuchukua 5 mpaka 10. Tena hapa Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko zote, zaidi ya elfu tatu kila mwaka, na ni katika zile chache ambazo ukiishika mapema unaizuia kabisa.

Makaratasi sasa. Utaratibu ni huu na usiruke hatua: kwanza kamati ya maadili, ukipata barua yao ndiyo unaenda NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kuomba leseni, halafu idhini ya kaunti, halafu ya hospitali au kliniki yenyewe. Sampuli ikitoka nje ya nchi kuna mkataba wake wa kuhamisha sampuli na ruhusa zake. Tangu sheria ya kulinda data ya 2019 pia unatakiwa ueleze majina ya watu utayahifadhi wapi na nani ana ufunguo. Barua ya maadili huwa ya mwaka mmoja, weka alamu kwa simu miezi miwili kabla haijaisha, maana ikiisha ukiwa katikati unasimamisha kila kitu na mishahara inaendelea kutoka. Ada zipo na zote uzitie kwenye bajeti, pamoja na zile za kufanya marekebisho, kwa sababu utarekebisha. Kila mtu hurekebisha.

Kamati ilitupa maswali mengi, mengine ya koma na nukta, lakini kulikuwa na moja: mkimpata mwanamke mwenye dalili za saratani, mtamfanyia nini? Sisi tulikuwa tumeandika sentensi moja, kwamba atapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa. Mjumbe mmoja akaandika pembeni, rufaa kwa nani, siku gani, nauli ya nani, baiopsi, yaani kukata kipande kipimwe, inalipwa na nani. Tulinung'unika wiki nzima, tukaona wanatuchelewesha tu. Ningependa nimwone yule mjumbe siku moja nimnunulie chai.

Tukaanza kusajili. Tulikuwa tunafika kliniki kabla ya foleni kusimama, maana kina mama wa ARV wanaamka alfajiri wachukue dawa zao warudi kwa biashara, na ukimkuta ameshaweka dawa kwa mkoba huyo umempoteza. Mama mboga hawezi kukaa saa nne asubuhi akusikilize wewe huku sukuma wiki yake inanyauka. Waliotufungulia mlango ni wale kina mama washauri, ambao wenyewe wanaishi na virusi na wanafanya kazi pale kliniki kuwasaidia wenzao. Walipeni vizuri. Naandika tena, walipeni vizuri, wanafanya kazi ambayo wewe na shahada zako huwezi.

Swali la kwanza nililoulizwa halikuwa HPV ni nini. Mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, alishika ile brashi ya kuchukulia sampuli akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua noti ya elfu.

"Hii daktari mkimaliza mnaitupa ama mnaiuza Ulaya?"

"Tunaiweka kwa friza mama, iko na namba tu, jina lako halipo."

"Na mkipata pesa nayo?"

Usimcheke mtu anayeuliza hivyo. Wengi wetu tumelelewa na hadithi za mumiani, watu wa kunyonya damu wakauze, na pia swali lenyewe lina haki. Mwaka 1951 kule Marekani mwanamke mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks alichukuliwa seli za saratani ya mlango wa kizazi bila kuombwa ruhusa, akafa mwaka huo huo, na seli zake zinaishi mpaka leo kwenye labu za dunia nzima na watu wamepata pesa nyingi nazo. Ndani yake kuna HPV aina ya 18. Na kwa hivyo kwenye labu yetu, hapa hapa Nairobi, kile kitubu tunachotumia kuhakikisha mashine inaiona aina ya 18 kimetengenezwa na DNA ya seli za huyo mama. Nilimhadithia yule mama wa leso hivyo hivyo, sikuficha. Akakaa kimya kidogo akauliza kama fomu inasema sampuli yake itatupwa lini. Inasema. Akaomba asomewe hapo tena, akaweka sahihi. Fomu ya ridhaa ikiwa ndefu kiasi kwamba wewe mwenyewe huimalizi, ujue hakuna aliyeielewa, rudi uipunguze kisha irudishe kamati.

Kueleza HPV kwa mtu ambaye tayari anaishi na virusi vingine kunahitaji ulimi mtamu, maana akisikia "una virusi" tu roho inaruka. Kilichotusaidia ni kuanza na hili: wanawake karibu wote wakishaanza mambo ya mapenzi hukutana na HPV wakati fulani, wanaume pia wanayo, na mwili mara nyingi unaiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ile inayokataa kutoka ndiyo tunayoifuata, hasa aina ya 16 na 18 ambazo ndizo ziko nyuma ya saratani kama 70 kati ya 100 za mlango wa kizazi. Pia wakaruhusiwa kujichukulia sampuli wenyewe, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2021. Unampa brashi, unamwonyesha kwa picha, anaingia chooni anafunga mlango, dakika chache ametoka anacheka. Wengi waliokuwa wamekataa kupimwa na nesi walikubali hii.

Simu. Hapa sikiliza vizuri. Usitume majibu kwa meseji, kamwe. Najua mradi mwingine ambapo mume alisoma meseji ya kliniki na ndoa ikaingia moto, mama akafukuzwa na watoto. Sisi siku ya kusajili tulikuwa tunauliza, nikipiga na mtu mwingine akashika, niseme mimi ni nani? Wengi walijibu "sema ni wa chama," yaani kile kikundi cha kuchangiana pesa. Tukaandika kwenye fomu, kamati ikapitisha. Pia chukua namba ya pili na ya tatu, jina la ploti, jina la duka lililo karibu, anaposali kama anataka kusema. Namba moja haitoshi Nairobi.

Labu nitapita haraka kidogo kwa sababu vitabu vipo. Stima ikipotea friza ya nyuzi hasi 80 itahimili saa kadhaa kama hamuifungui fungui, kwa hivyo fundisheni watu wasiende kuchungulia kama bado iko sawa. Jenereta iwe na dizeli, na ufunguo wake uwe kwa mtu anayeishi karibu, maana stima ya Nairobi ina mazoea ya kupotea Jumapili jioni mlinzi akiwa peke yake. Kila sampuli igawe mara mbili, friza mbili, soketi tofauti. Lebo ziwe za friza kabisa, kalamu ya kawaida ikiguswa na spiriti inafutika ukabaki na tubu safi isiyo na mwenyewe.

Na PCR, kile kipimo cha kuzidisha DNA mpaka ionekane, itakunyoosha. Kwenye kila sahani ya vipimo unaweka kisima kimoja cha maji matupu, kontroli hasi, na maji hayana HPV. Kuna asubuhi tulikuwa tumesimama watatu mbele ya skrini tunaangalia mistari ya sampuli inapanda moja moja, vizuri tu, mpaka kwa mzunguko wa thelathini na kitu mstari wa maji nao ukaanza kujiinua. Hakuna aliyeongea. Ukiona hivyo sahani nzima ni takataka hata kama majibu mengine yanakufurahisha, kwa sababu kuna DNA inayotembea humo ndani ya chumba na hujui imeingia kwa kisima cha nani. Tuliosha meza, pipeti, mpaka vitasa vya mlango kwa Jik, ile dawa ya klorini, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, tukatenganisha chumba cha kuandaa na chumba cha mashine, koti la chumba kimoja halivuki kwenda kingine, mtu akishaingia kwa mashine harudi kuandaa siku hiyo. Inachosha. Lakini fikiria umempigia mtu simu ukamwambia ana aina ya 16 kumbe ni vumbi la labu yako.

Rijenti, zile kemikali za vipimo, zinanunuliwa kwa dola na bajeti yetu iliandikwa kwa shilingi mwaka 2022, dola ikiwa chini ya 120. Kufika Januari 2024 ilikuwa imefika 160. Piga hesabu mwenyewe. Ziliporuhusiwa forodha nyingine zilikuwa zimebakisha miezi michache zi-expaya, sasa unakimbizana na tarehe. Mwambie msambazaji kwa maandishi ni miezi mingapi lazima iwe imebaki siku anakukabidhi, asipotimiza usipokee.

Turudi kwa majibu. Kulikuwa na mama wa miaka thelathini na kitu, anauza nguo za watoto Gikomba, mcheshi, aliyetuzoea hata akawa anatuita majina ya utani. Akapatikana na aina ya 16, nesi akampaka siki kuangalia, pakageuka peupe, tena pakubwa kuliko kiasi ambacho kliniki yetu ingechoma kwa kifaa cha joto. Alihitaji kwenda rufaa akakatwe kipande kipimwe. Tulimpigia, simu imezimwa. Namba ya pili ikashikwa na mtoto akasema mama yuko ushago matanga. Wiki zikaenda. Mama mshauri akaenda mpaka kwenye ploti, keateka anasema yule alihama mwisho wa mwezi. Tukaja kumpata kupitia mwenyekiti wa chama, chama cha kweli hiki, maana anaweza akahama nyumba lakini hawezi akahama na zamu yake ya kupokea pesa. Baiopsi ikaonyesha mabadiliko ya hatua ya mwisho kabla ya saratani. Akatolewa ile sehemu kwa waya wa umeme, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na bado yuko Gikomba, amewahi kuniuzia sweta kwa bei mbaya.

Mwingine hatukumpata mapema hivyo. Alikuja tayari anatokwa damu, anasema alidhani ni mambo ya kukoma hedhi, na alipokuwa anazungushwa kati ya foleni ya patholojia na foleni ya tiba ya mionzi ugonjwa ulikuwa unatembea. Alifariki makala yetu ikiwa bado kwa wahakiki. Nilipokuwa narekebisha lile jedwali la tatu nilijua mstari upi ni wake, nikafunga kompyuta nikaenda kutembea Mbagathi Way bila sababu. Watu wa labu hatupewi ushauri nasaha, watu wanadhani sisi tunashughulika na tubu. Tafuta mtu wa kuongea naye kabla hujafika hapo, si lazima awe wa kulipwa, mimi huwa naongea na sista mkuu wa ile kliniki ambaye ameona mengi na hana maneno ya kujifariji.

Baada ya hao tukarudi kamati na marekebisho. Tulipunguza idadi ya vipimo vya kifahari tulivyokuwa tumepanga, zile pesa zikawa za baiopsi, nauli ya kwenda na kurudi kwa mgonjwa na mtu wa kumsindikiza, muda wa maongezi, na nesi mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia majibu tu, hana nyingine. Tukamjua kwa simu daktari wa kliniki ya rufaa na siku zake. Halafu tukahama kwenye kukusanya sampuli na kuzipima kwa makundi, tukaanza kutumia katriji, yaani vikasha vya kupimia, za HPV kwenye ile ile GeneXpert ya TB, jibu linatoka kwa kama saa moja, mama anakunywa chai anangoja, akihitaji kuchomwa anachomwa hapo hapo. Hii ilitatua shida kubwa kuliko kitu chochote tulichofanya. Ila mashine ni ya TB na wenyewe wana haki nayo, tulikubaliana asubuhi ni makohozi na mchana ni sisi, na siku TB wakijaa tunakaa pembeni bila kununa.

Kuhusu kuchapisha, utaanza kupata barua pepe zinazokuita profesa mashuhuri na kukuomba makala ndani ya wiki moja kwa ada ndogo. Futa. Majarida ya kweli yana ada kubwa lakini mengi hupunguza kwa watafiti wa nchi zetu ukiomba mapema, kabla makala haijakubaliwa. Na mpangilio wa majina kwenye makala ukubaliane nao kwa maandishi mwanzo kabisa, wakati bado mnapendana.

Mwisho wa mradi tuliita kina mama turudishe matokeo, soda na mandazi, ukumbi wa kanisa jirani. Niliwaambia pia kuhusu binti zao, kwamba chanjo ya HPV iko kwenye ratiba ya nchi tangu Oktoba 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10, na kwamba utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya, wa KEN SHE, na wasichana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, ulionyesha 2022 kwamba dozi moja tu ilikinga dhidi ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 kwa miezi 18. Maneno ya kwamba inaziba kizazi yakatoka, tukayajibu, mmoja akasema kwao kanisani waliambiwa wasichanje na wenzake wakamjibu wenyewe kabla sijafungua mdomo. Halafu wakataka kujua watapimwa tena lini. Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi na jibu lake la HPV likawa halina kitu, ni baada ya miaka mitatu hadi mitano. Yule mama wa leso akanyoosha mkono.

"Sasa mashine inabaki ama mnaondoka nayo?"

Mashine inabaki, ni ya kliniki. Katriji ndizo zinaisha, na zilikuwa zimebaki chache. Yeye na sista mkuu ndio walioanza kuisukuma ile barua ya kuomba kaunti iziweke kwenye bajeti yake, sisi tukaweka namba na sahihi. Ukiwa na mradi wa namna hii iandike hiyo barua mwaka wa kwanza kabisa, si wa mwisho kama sisi, kwa sababu mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai na vikao vya kupanga vinaanza mapema sana kabla ya hapo, na hakikisha barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.